Filme Yenye Bantu Balikatazwa Kucheka

Écoutez, sikilizeni, hii kitu yenye nataka kubaelezea haiwezi kuaminika. Muntu mwingine akiniambia, mi mwenyewe ningemujibu: toka hapa na maneno yako ya kutunga. Juu nani atakubali kama filme ya kuchekesha iliuawa na muntu mwenye aliipenda kupita bote? Hapana adui. Hapana muntu ya wivu. Ni muntu mwenye aliicheka mpaka machozi ikamutoka, alafu akarudi kwake, akakaa ku meza, akaiuwa polepole na kalamu, na heshima yote. Hapa hapa Bruxelles, mwaka quatre-vingt-dix-huit, ile ya 1998. Kaa vizuri.

Élisée alikuwa kijana ya Bukavu, brancardier ku hôpital moja kule Woluwe. Kazi yake ilikuwa kusukuma bagonjwa mu bitanda ya magurudumu, kubapandisha, kubashusha. Bagonjwa balimupenda juu asansere, ile lifti, ikifungwa tu, anaanza kuiga badaktari: huyu anavyokohoa mbele aseme habari mbaya, ule anavyoangalia saa. Ata muntu mwenye alikuwa anaenda kupasuliwa tumbo alifika kule na kicheko. Hakusomea sinema ata siku moja. Hii kipaji ilitoka kwa koko yake, ni kusema babu yake, muzee Crispin, lakini si juu muzee alikuwa anachekesha. Ni juu alikuwa muntu ya kuchekwa.

Ah, Koko Crispin! Muzee alivaa tie ku shingo kila siku ya Mungu, ata kuenda kukatia sungura majani. Alikuwa anaimba ku paroisse, kanisani, na sauti ya mbuzi yenye imefungwa kamba fupi, na mwenyewe alijiona malaika. Na Kifaransa! Alikosoa Kifaransa ya kila muntu. Siku moja padiri alikosea kitu kidogo mu mahubiri, Koko Crispin akasimama katikati ya misa, akamukosoa, akakaa. Padiri akasema asante. Angefanya nini?

Sasa sikia, hii njo mufupa ya hadisi. Kwao, koko na mujukulu ni bandugu ya utani. Na koko akikufa, batoto yake banalia, lakini bajukulu njo biko na ruhusa ya kufanya upuuzi ku kilio, ku matanga. Mumoja anavaa kofia ya mufu, anatembea sawa yeye, anasema sawa yeye. Bengine banakalia sanduku ya mufu, banakataa ibebwe mpaka babembelezwe. Na mujane eko pale kati, na nguo nyeusi, bantu bote banamuangalia ye tu. Siku mujane atacheka mbele ya bantu, kilio imeisha, anaweza kuvua ile nguo. Mbele acheke, hapana. Nyumbani peke yake, haihesabiki. Na inafanyika mbele yake mara moja, hairudiliwe.

Koko Crispin alimuchagua Élisée akiwa angali mutoto. "Weye njo utavaa kofia yangu. Lakini unifanye vizuri! Unanifanyaka na mabega chini. Mi nasimama droit!"

Alafu vita ikaingia Bukavu. Élisée alikuwa kisha kufika huku, na karatasi za ukimbizi zenye zinakuruhusu kuenda fasi yote isipokuwa kwenu. Koko Crispin akakufia mu njia ya kukimbia. Haikuwa risasi, ni moyo tu ilichoka. Bakamuzika kando ya barabara, haraka haraka, bila sanduku, bila wimbo. Mujane yake, Koko Pétronille, akapiga magoti, ata hakumaliza sala, bantu ya nyuma balikuwa banasukuma. Akasimama, akaendelea. Hakuna mujukulu ata mumoja. Mbele ya nani, na kofia gani? Alipofika fasi yenye kuko soko, akatafuta nguo nyeusi, akavaa, akangoja.

Élisée alipopata ile habari, alikaa wiki nzima anasukuma bagonjwa kimya. Bagonjwa bakauliza kama ameachwa na bibi. Alafu siku moja akamuita Mathieu, rafiki yake mwenye alikuwa anapigaka video za mariage, za harusi, akamuambia: "Lete caméra yako. Tunaenda kumuzika koko yangu."

"Wapi?"

"Ganshoren."

Na hivyo njo filme ilizaliwa. Jina yake: *Koko Anakataa Sanduku*. Ni upuuzi, lakini upuuzi yenye uko na akili. Famille moja ya Kivu iko Ganshoren, hapa Bruxelles, koko yao amekufa, sanduku hakuna. Bon, banamuweka mu kabati ya nguo. Alafu banabeba ile kabati mu tramu kuenda nayo ku makaburi. Contrôleur anaingia, anauliza: "Na huyu mwenye kulala, tikiti yake iko wapi?" Mulango ya kabati inafunguka kidogo, sauti inatoka, ya muntu mwenye kulipaka tramu ya mwezi muzima: "Mi niko na abonnement! Na musiniguse tie!" Mulango inafungwa. Ku makaburi, padiri anakosea Kifaransa, koko anatoka mu kabati, anamukosoa, anarudi ndani, anasema sasa hazikwi tena mpaka mahubiri ianzwe upya. Élisée njo alikuwa koko, na kofia, na mabega droit. Mwenye kucheza padiri alikuwa muzee mumoja ya kwetu, Tonton Jean-Pierre, mwenye alisahau maneno yake kweli kweli, na ile kusahau ikabakia mu filme. Picha ilikuwa inatetemeka juu Mathieu alisikia baridi. Fasi moja kidole yake ilifunga nusu ya image.

Baliionyesha mara ya kwanza mu salle, ukumbi ya paroisse, kule kule Ganshoren, salle yenye harufu ya supu. Ndugu yangu! Bantu balikufa na kicheko. Maman mumoja alianguka na kiti yake, balipomuinua akasema mwacheni hapo chini, anaona vizuri. Kisha wiki mbili cassette ilikuwa mu kila salon ya kusuka pale Matonge, mutaa ya Bakongomani hapa Bruxelles. Ukisalimia muntu, ukimugusa bega, anakuambia: "Musiniguse tie!" Bantu benye hawajui ata Kiswahili, Bakinois, bale ya Kinshasa, balijua ile neno. Lakini Koko Pétronille, mwenye alikimbia mpaka Nairobi, alikuwa angali kule anangojea visa, kwa hiyo kwa Élisée kazi ya mujukulu ilikuwa haijaanza.

Sasa, ku kiti ya mbele, ile siku ya paroisse, kulikuwa Père Jef. Muzee ya Flandre, padiri muzungu, alikaa kwetu Kivu nusu ya maisha yake, sasa amepumuzika kazi. Kiswahili yake inapita ya batoto yetu benye kuzaliwa hapa. Alicheka kupita bote. Alipiga Tonton Jean-Pierre ku mugongo mpaka Tonton akakohoa. Nyuma ya filme akashika Élisée mikono yote mbili: "Weye ni muuaji! Mbavu yangu! Umefanya kazi ya mujukulu, mutoto yangu. Nimeelewa. Mi nimeelewa."

Na kweli alielewa. Njo ile inauma.

Père Jef alikuwa anaandikaka juu ya filme mu gazeti moja ya bakatolika. Élisée hakujua. Siku moja, saa ya kupumuzika ku hôpital, Laetitia, infirmière, muuguzi ya Goma, anaingia na ile gazeti.

"Élisée! Banasema uko génie, muntu ya akili ya ajabu."

"Wapi? Soma. Soma polepole."

"'Kazi ya kupita zote, chef-d'œuvre ya uchungu.'"

"Ya nini?"

"Ya uchungu. Ngoja. 'Mwenye ataingia mu ile salle aache kicheko yake inje, sawa muntu anaacha parapluie, mwavuli yake, ku mulango. Juu kucheka hapa ni kurudilia kicheko ya zamani, ile yenye siye bazungu tulibachekaka nayo bantu beusi.'"

"Hapana. Ruka fasi moja, haujasoma vizuri."

"Mi nasoma vile iko! Bon, sasa anasema juu ya kidole."

"Kidole gani?"

"Kidole ya Mathieu! 'Ile kivuli nyeusi yenye inafunika nusu ya dunia.' Na picha yenye inatetemeka, anasema ni kutetemeka ya taifa nzima."

"Mathieu alikosa gants ya kuvaa ku mikono!"

Laetitia alicheka mpaka kahawa ikamwangika. Élisée naye alicheka. Lakini saa Laetitia alirudi ku bagonjwa, Élisée alikata ile article na mukasi ya pansement, ya kukata bandeji, akaikunja, akaiweka mu mufuko. Ile neno génie ilikuwa mule, na muntu ni muntu.

Basi ile gazeti ndogo ikasomwa na bakubwa. Bajournaliste bengine bakaomba cassette, bakaandika, kila mumoja anamupita mwenzake kwa huzuni. Kabati ni bukimbizi. Tramu ni historia yenye haisimame. Tie ni koloni ku shingo ya Mwafrika. Hakuna ata mumoja mwenye aliandika neno "kuchekesha". Alafu simu ikalia: salle moja ya sinema, upande wa Flagey, salle kubwa, inataka filme. Na visa ya Koko Pétronille ikatoka ile mwezi mumoja.

Élisée akaenda kuona Père Jef ku nyumba ya bapadiri bazee. Akamukuta na pantoufles ku miguu, anachovya speculoos mu kahawa.

"Mon père, ulicheka. Mi nilikuona na macho yangu."

"Nilicheka, mutoto yangu, juu nilikuwa kati yenu." Akaweka biskuti chini. "Lakini weye haujui bantu ya kwetu. Bataona muntu mweusi na tie anatoka mu kabati, batacheka, ndiyo. Unafikiri batacheka koko yako? Batacheka muntu mweusi na tie. Mi najua ile kicheko. Nikiwa kijana nilikuwa nayo. Nilicheka vile bantu benye nilikuwa nabafundisha katekisimu, na bo balifikiri niko na furaha. Sitaki kuisikia tena mbele nikufe."

Élisée aliona kama ni kweli. Alijua ile kicheko. Ku hôpital kuko bagonjwa benye balikuwa banayo.

"Lakini koko anafika, mon père. Anapashwa kucheka. Weye unajua desturi."

"Basi bazungu banyamaze, ninyi mucheke. Nani atabakataza?"

Mignonne, dada yake Élisée, alimuambia wazi: "Yaya, kaka yangu, wacha ile salle ya bakubwa. Tufanye ku paroisse, na bantu yetu, tupike, koko acheke, imeisha."

"Koko Crispin, vile alikuwa na majivuno, tumuchekee mu salle ya harufu ya supu? Angetoka kaburini kutukosoa."

"Unamuongelea ye, ao unajiongelea weye?"

"Mignonne, usinianze."

"Mi nimenyamaza. Génie njo anajua."

Koko Pétronille akafika. Mwembamba, na nguo yake nyeusi, imepauka mpaka ikawa rangi ya majivu. Hakuuliza juu ya baridi, hakuuliza juu ya magari. Aliuliza kitu moja: "Mujukulu, uliweka kofia yake ku kichwa?"

"Niliweka, koko. Utaona mbele ya bantu mingi."

"Bazungu?"

"Bazungu na siye."

"Banajua kucheka mufu?"

"Utaona," Élisée akasema.

Ile siku salle ikajaa. Bazungu na makoti mazuri, bapadiri bazee, bajournaliste. Siye tulikuwa safu mbili nyuma, na mapagne ya vitenge, na manukato. Koko Pétronille katikati, Élisée kushoto, Mignonne kuume, Tonton Jean-Pierre nyuma yao. Femke, mwanamuke mwenye kusimamia ile salle, akapanda mbele na mikro, akasoma mistari ya Père Jef, ile ya parapluie. Akasema asante kwa kimya yenu. Taa ikazimika.

Mwanzo, famille inafungua kabati, inatosha makoti, inaweka koko. Nyuma kule Tonton Jean-Pierre akatoa ile kicheko yake ya trompette. Safu tatu mbele, mama mumoja ya muzungu akageuka: "Chuuut!" Na macho yake ilikuwa imejaa machozi, kweli, si mubaya. Tonton akanyamaza sawa mutoto ku misa. Mignonne akamunongoneza: "Cheka, Tonton!" Tonton akajibu: "Mama wa bantu analia, mi nicheke vipi?"

Tramu ikafika. Contrôleur akauliza tikiti. Mulango ikafunguka. "Mi niko na abonnement! Na musiniguse tie!"

Kimya. Salle nzima. Muntu mumoja akapenga mapua.

Élisée alisikia sauti yake mwenyewe kule mbele, ya kukata, ya kujivuna, koko mutupu, na ilianguka mule ndani sawa jiwe mu kisima yenye haina maji. Pale njo kiti ya pembeni ikatikisika. Akageuka. Koko Pétronille alikuwa ameweka kitambaa ku kinywa. Mabega inaruka. Kichwa inainama, inainuka, inainama. Anacheka! Mungu wangu, anacheka! Sauti haijatoka bado, inapanda tu, sawa maji mu sufuria mbele ichemke. Élisée akashika kiti na mikono mbili. Sauti itoke. Itoke tu mara moja, bantu basikie, imeisha.

Alafu ule mama ya mbele, Mia, nyuma tulijua jina yake, akaona yale mabega. Akasimama mu giza, akapita magoti ya bantu, akafika, akapiga magoti mbele ya Koko Pétronille, akamukumbatia. Alikuwa analia. Alimupangusa koko macho, alimushika kichwa ku kifua yake, anamubembeleza na Kiflamani yake, polepole, sawa muntu anabembeleza mutoto ya homa. Na bengine bakageuka. Bantu bote mu ile salle bakaangalia mujane mweusi mwenye "analia". Mwanaume mumoja akatoa kofia.

Koko Pétronille akamuangalia ule mwanamuke. Akaangalia zile machozi. Na sawa vile alifundishwa na mama yake, mugeni hachekewi mu macho, ile kicheko ikarudi chini. Élisée aliiona inashuka. Koko akapigapiga mama Mia ku mugongo, pole pole, anamufariji. Mpaka filme ikaisha, alikuwa anamufariji.

Taa ikawaka. Bantu balisimama, balipiga mikono bila kelele ingine yote, muda murefu. Femke akamuita Élisée mbele. Père Jef alikuwa pale tayari, koti nyeusi, macho mekundu. Femke akasema na mikro kama salle zingine mingi zinataka filme, Gand, Liège, ata Paris. Alafu akauliza, na sauti ya kanisa: "Monsieur Élisée, bantu banauliza kama kulia vile tumelia ni haki yetu. Hii filme, kwako, ni nini?"

Akamupa mikro.

Sasa ona vile alisimama. Mbele yake, bantu benye machozi haijakauka. Akisema ni ya kuchekesha, bote bamekuwa bajinga, mama Mia wa kwanza, na Père Jef amekuwa mwongo mbele ya bantu yake. Filme haiende Gand, haiende fasi. Na nyuma kule, koko, amekaa wima, anamuangalia. Bado kulikuwa na wakati. Ile kicheko ilikuwa haijaenda mbali, ingeweza kuitwa. Kofia hakuwa nayo, lakini mabega alikuwa nayo.

"Élisée!" Mignonne alipiga kelele kutoka nyuma. "Sema!"

"Chuuut," muntu akasema.

Élisée alifungua kinywa. Mu mufuko ya shati ile article iliyokunjwa ilikuwa inamuchoma ngozi. Akasema: "C'est un deuil. Oui. C'est tout." Ni kusema, ni kilio tu.

Mikono ikapigwa. Na Père Jef, kwa heshima, juu hakutaka mujane abakie bila kuelewa, akashuka mpaka ku safu yao, akainama mbele yake, akamutafsiria na Kiswahili yake safi: "Maman, mujukulu wako anasema hii filme ni kilio."

Koko Pétronille akamuangalia muzee ya Flandre.

"Kilio nilisha lia, padiri," akasema. "Peke yangu, mu njia. Nilikuwa nangoja ingine kitu."

"Amesema nini?" Femke akauliza kutoka mbele. "Père Jef, amesema nini?"

Père Jef alijua vizuri ni nini amesema. Akasimama polepole, akashika kiti, akajibu: "Anashukuru."

Inje, ku trottoir, kando ya barabara, mvua ilikuwa nyepesi. Élisée akasema: "Koko, tutairudilia. Ku paroisse. Dimanche, nyuma ya misa."

"Hapana, mutoto. Umesema mbele ya bantu. Nani atacheka sasa kitu yenye mwenyewe aliita kilio?" Hakuwa na hasira. Njo ilikuwa mubaya, angekuwa na hasira ingefaa. Akashika Mignonne mukono, bakaenda mbele yake.

Filme ikatembea, ikapata bacritiques, ikapata prix, zawadi, kule na kule, Père Jef hakuandika tena juu ya filme yoyote. Mu masalon ya Matonge, bantu banaendelea kuicheka mpaka leo, na cassette zenye zimechoka, milango imefungwa. Koko Pétronille aliishi Ganshoren myaka kadhaa. Alikuwa muntu ya maneno matamu, alipenda frites za viazi, alipenda kuangalia bantu ku dirisha. Balimuzika na ile nguo ya rangi ya majivu, na bajukulu benye balikuwa pale, Élisée kati yao, habakuthubutu kumuchekea.

Bon. We mwenye unasoma, usikimbilie kumuhukumu. Mikro iko mu mukono yako. Mbele yako ni mwanamuke mwenye alilia kweli, na padiri mwenye alikupenda kweli, na milango yote ya Ulaya iko wazi. Nyuma ni koko, anangoja. Weye ungefanya nini?